Unafanya Kazi kwa Nani?

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, naanza na nyinyi kwa sababu ndio mnaonichosha masikio. Ajira hakuna, ajira hakuna. Mnashika simu, mnaniambia bibi, nchi fulani kijana asiye na kazi anapewa posho na serikali, nchi fulani wazee wamezidi, wanatafuta watu wa kuwafanyia kazi. Sawa, sijakataa. Ila msidhani nyinyi ndio wa kwanza kupimwa na nchi za watu. Sisi tulipimwa tukaonekana tumepungua, na kipimo hicho mimi kilinichukulia mume. Nitaandika nilivyoona. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msitafute maneno ya mapambo humu.

Tulikuwa tumepanga Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili, kila chumba na familia yake, uani choo kimoja na majiko yamebanana. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Mtu wa Rufiji, mrefu, msafi, mkimya. Ovaroli lake la buluu nililifua mwenyewe na kulipiga pasi ya mkaa mpaka mstari unasimama. Akipita mtaani vijana walimwita Kiwanda. "Kiwanda, shikamoo!" Naye anaitikia marahaba taratibu, kama mtu aliyevishwa cheo.

Kisha kiwanda kikaanza kukohoa. Leo umeme, kesho vipuri, keshokutwa rangi ya vitambaa haijaletwa kutoka nje ya nchi. Mwisho wakakusanywa getini, wakarudisha vitambulisho, wakaambiwa nendeni nyumbani, mtaitwa. Hakuna aliyetamka neno kufukuzwa. Mtaitwa. Mume wangu akawa anaamka alfajiri vilevile, anavaa ovaroli, anakwenda kwa miguu mpaka getini kusikiliza kama wameitwa. Mdogo wake, shemeji yangu, aliyekuwa kibarua hukohuko na akilala kwenye korido yetu, anamfuata nyuma. Wanarudi jua limechomoza vya kutosha, mavumbi mpaka magotini. Nawapa maji ya kunawa.

Mimi nilikuwa napika. Nilikuwa na mafiga yangu kwenye uchochoro nyuma ya soko, sufuria mbili na benchi, nawauzia wapagazi na wasukuma mikokoteni. Unga mweupe siku hizo ulikuwa hadithi. Tulikula ule wa njano wa msaada, tuliouita yanga, nao tuliupangia foleni kwenye duka la ushirika. Ugali wa yanga haushuki bila mchuzi, na mchuzi wangu ulikuwa vichwa vya samaki kutoka soko la Feri kwenye tui zito. Nikipungukiwa nazi, mteja anaondoka. Watu wanadhani moto ndio unaomchosha mpishi. Mimi kilichonivunja mgongo ni kuinama juu ya mbuzi, nakuna nazi moja baada ya nyingine tangu kabla ya adhana.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango: jioni mkutano, mtu wa ofisi ya kazi anakuja. Tukaenda. Alikuwa kijana mwenye miwani, suti ya mikono mifupi, amesomea Ulaya. Akatundika ukutani karatasi kubwa yenye michoro ya miraba. Mraba huu nchi ile, mraba huu nchi yetu. Akaeleza vizuri, sitamsingizia. Alisema kuna nchi ambako wakulima ni wachache sana na bado wanashiba, kwa sababu wengine wote wako viwandani. Kuna nchi kila mtu mzima ana kitabu chake cha kazi, na asiye nacho anaulizwa. Sisi, akasema, karibu nchi nzima ina jembe mkononi, na mjini wenye ajira ni kijisehemu hiki hapa. Akaonyesha kwa fimbo. Kilichobaki pembeni, kikubwa, amekipaka rangi nyekundu.

"Na hao wekundu ndio nani?" akauliza jirani yangu, muuza vitumbua.

"Wasio na kazi maalumu, mama. Wanaozagaa."

"Haa! Mwanangu, mimi nazagaa na karai la mafuta ya moto kichwani? Njoo ulibebe wewe tuone utazagaa mpaka wapi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akajaribu kutulainisha. Akasema huko alikosoma alipanga kwenye nyumba ya mke na mume, wote wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Mke ndiye msimamizi, mume yuko chini yake. Asubuhi mke anampangia mumewe kazi ya siku.

Hapo mkutano ukalipuka kwa kelele. Mzee mmoja akapaza sauti, "Na akichelewa kazini, anamkata mshahara au anamnyima chakula?" Mwingine akajibu, "Vyote!" Mume wangu, mkimya yule, alicheka mpaka akafuta machozi. Akanigeukia akasema, "Mama watoto, umesikia wenzio?" Nikamwambia nimesikia.

Watu walipotulia nikainuka. Nikamwuliza yule kijana mimi niko mraba gani. Natoka kwangu gizani, narudi nanuka moshi, watu wanashiba. Akapitisha fimbo kwenye karatasi yake. Akasema, "Kwa sasa mama, utaingia kwa akina mama wa nyumbani." Nikasema nyumbani kwangu nalala tu. Hakukasirika. Akaniita pembeni baada ya mkutano, akanieleza kwamba msako unakuja, wasio na kazi watapelekwa vijijini kulima. "Nenda kata ukaombe leseni ya biashara ndogo. Ukiwa nayo unatambulika. Na anayekusaidia, ukimtaja kwamba anafanya kazi kwako, naye akakubali, huyo pia anatambulika." Nilimshukuru. Mpaka leo namshukuru. Aliniambia kweli.

Leseni nikaipata, baada ya kuzungushwa kidogo kama ilivyo ada. Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamweleza mume wangu neno kwa neno: mtu wa ofisi kasema msaidizi anatambulika. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kiwanda kitatuita." Basi.

Lakini mikono ya mtu aliyezoea mashine haikai bure. Akaanza kunikunia nazi. Hakusema nitakusaidia. Niliamka nikamkuta amekalia mbuzi katikati ya chumba, mlango ameufunga kwa komeo, dirisha ameliziba kwa shuka. Mnaweza kushangaa. Kwenye shughuli wanaume wanapika pilau kwenye masufuria makubwa, na ni sifa, wanatembea vifua mbele na upawa mkononi. Kukuna nazi ya biashara ya mkeo ni jambo jingine. Alikuna vizuri kuliko mimi, nazi laini, bila kugusa kifuu hata kidogo. Akimaliza anaoga, anavaa ovaroli lake, anaelekea getini kiwandani na mdogo wake, kana kwamba kazi ndiyo inaanza sasa. Nikafunika beseni, nikalibeba, wateja wakasifu mchuzi.

Msako ulikuja asubuhi, soko limejaa. Siku hiyo mwanangu wa kike alikuwa na homa, akili yangu haikutulia, nikatangulia na sufuria nikalisahau beseni. Mume wangu akaliona beseni la nazi limebaki. Akamtanguliza mdogo wake getini, akalibeba mwenyewe, amelifunika kanga, akapita nyuma ya maduka ili asionekane. Alipofika uchochoroni na kuliweka chini, mgambo walikuwa wameziba ncha zote mbili.

Vurugu mnazijua. Wauza kahawa wanakimbia na birika, wauza maji wametupa madebe. Mimi sikukimbia. Nikafungua pindo, nikatoa leseni. Mgambo akaisoma, kijana tu, umri wa shemeji yangu, jasho linamtoka.

"Sawa mama. Na huyu mzee?"

"Ni msaidizi wangu. Anafanya kazi kwangu."

"Kazi gani?"

"Ananikunia nazi. Hilo beseni ni lake, tazama."

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wapagazi, wana tonge mikononi, hawajui wale au wakimbie. Mmoja wao, wa kunisifia mchuzi kila siku, akaangua kicheko. "Kiwanda! Kumbe umehamia jikoni! Tui lote hili ni lako?" Wengine wakacheka naye. Kicheko cha woga, nakijua sasa, mtu anacheka ili asitazamwe yeye. Lakini kilikuwa kicheko.

Mgambo akamgeukia mume wangu. Kwa heshima, sitasema uongo. "Baba, ni kweli? Unafanya kazi kwa mama huyu?"

Mume wangu alijinyoosha. Alikuwa na ovaroli lake. Akasema, "Mimi ni fundi wa kiwanda cha nguo. Huyu ni mke wangu. Mwanamke wangu hawezi kuniajiri."

"Kitambulisho cha kiwanda?"

"Kiko getini. Tuliviacha."

"Baba," yule mgambo akasema tena, sauti chini, "nakuuliza mara ya mwisho. Unafanya kazi kwa nani?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba watoto, sema. Neno moja tu. Nimekuomba." Watu wanatutazama. Sikuwahi kumwomba kitu mbele za watu. Akautoa mkono wangu pole pole, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo, akaniambia, "Usijitie aibu. Wakipiga simu kiwandani watanijua. Jioni nitarudi." Akapanda lori mwenyewe. Hawakumsukuma.

Nilifunika moto kwa majivu, nikakimbia. Kiwandani mlinzi wa geti alimjua vizuri, wamesalimiana miezi yote ile. Akasema, "Mama, ningekuandikia hata kwa damu, ila mimi mlinzi. Ofisi imefungwa, mabosi hawapo." Nikakimbilia kwa mfanyabiashara mmoja wa Kichaga, mwenye duka la jumla jirani na uchochoro wangu, aliyekula kwangu mara nyingi. Nikamwomba aseme mume wangu ni mpakiaji wake. Akanionyesha rafu zake tupu. "Mama yangu, mimi mwenyewe nalala na viatu miguuni, nangoja wanifuate kwa ulanguzi. Nikimtaja yeye, wataniuliza anapakia nini." Hakuwa mbaya. Hakuwa na kitu cha kunipa. Nilipofika kituo cha polisi walikowekwa, malori yalikuwa yameshaondoka. Walikuwapo wanawake wengine mlangoni, kila mmoja na nguo au chakula mkononi kwa ajili ya mtu wake, wanaulizana wamepelekwa wapi. Mmoja anasema Morogoro, mwingine Tabora. Nilisimama nao mpaka tukafukuzwa.

Niwaambie nilivyokaa baada ya hapo? Nilipika. Watoto wanataka kula. Nilikuna nazi mwenyewe tena, na mara nyingi nilisimama katikati ya kazi sijui nimeshika nini. Nilimwendea balozi, nikaenda kata, nikaenda ofisi ya yule kijana wa michoro, wakaniambia amehamishwa mkoa. Kila nilipoketi kusubiri niliiwaza ile karatasi yake. Nilifikiri, leo mume wangu ametolewa kwenye wekundu. Ametiwa kwenye mraba wa wakulima. Kwenye hesabu ya nchi mambo yamekuwa mazuri kidogo, hata ukitulinganisha na wale wa Ulaya. Mjini amepungua mzururaji mmoja, shambani ameongezeka mtu mmoja. Na kwangu? Hakuna mraba wa kwangu.

Mvua za masika zilipokwisha akaja mtu, mpagazi wa zamani, amerudi kwa miguu na kwa kudandia treni za mizigo. Hakutaka kuingia ndani. Akasimama mlangoni akanieleza. Walipelekwa porini, wakapewa majembe na shamba la kusafisha. Mume wangu alilima na ovaroli lile mpaka likachanika mgongo. Kila gari lilipokuja aliuliza kama kiwanda kimewaita. Akashikwa na homa, wakampeleka zahanati ya kijiji cha mbali kwa baiskeli. Mtu huyo hakumwona tena. "Sisemi amekufa, mama," akaniambia. "Nasema sikumwona." Nilituma watu, nilituma salamu kwa kila aliyeelekea huko. Halikurudi jibu. Mpaka leo sina kaburi la kuwaonyesha.

Siku ileile niliyopata habari hizo, shemeji yangu akarudi kutoka getini kiwandani. Ndiyo, alikuwa bado anakwenda. Mjini walikuwa wameanza kunong'ona kwamba msako mwingine u njiani. Nikamwuliza mbele ya watoto, "Shemeji, ukikamatwa kesho utasema una kazi gani?"

Akainamisha kichwa. "Nitasema nasubiri kiwanda, shemeji."

Sikulia. Nilikuwa nimeshalia uani. Nikawaita wote, yeye na watoto wangu, wakubwa kwa wadogo, nikamwambia mkubwa atoe komeo na kushusha shuka dirishani. Nikasema hivi:

"Kuanzia kesho mlango huu hautafungwa mtu akikuna nazi. Shemeji, utatoa mbuzi nje, utakaa barazani, mtaa mzima ukuone, na anayecheka mwache acheke. Mgambo akija akikuuliza unafanya kazi kwa nani, utaninyooshea kidole na utasema: kwa huyu mwanamke. Utasema kwa sauti. Asiyeweza kulitamka neno hilo, afungashe nguo zake sasa hivi, asilale kwangu."