Uchaga Usiopandwa

Mwero Tembo ana ngazi, ana mikono miwili mizima, na ana mahindi ya mwaka mzima juu ya kichwa chake. Kuyashusha hawezi.

Nyumba yake iko juu ya Mkongani, katika vilima vya Shimba. Jikoni, juu ya mafiga, kuna uchaga, yaani dari ya fito. Huko ndiko mkewe, Kanze, alikopanga mavuno ya masika mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa bado na maganda yake. Yale ya mbegu aliyaweka katikati, palipo na moshi mwingi. Moto ukiwaka kila siku, moshi huyakausha mahindi na kuwazuia fukusi, wadudu watoboao punje. Ukizimika wiki moja katika unyevu wa vilima hivyo, fukusi hawachelewi.

Mwanzo wa Septemba, miezi mitatu kabla ya uhuru, Kanze alikohoa damu. Mwero alimpeleka hospitali ya Msambweni, akakaa karibu naye siku tisa. Daktari akasema ni kifua kikuu: sindano kila siku, miezi sita wodini. Siku hizo tisa jikoni kwao hapakuwaka moto.

Aliporudi alikuta vumbi jeupe juu ya mafiga. Alidhani ni majivu. Akalishika, akalinusa. Ulikuwa unga wa mahindi.

"Yashushwe leo," alisema Kahaso, mke wa mdogo wake. "Yaanikwe juani, yapukuchuliwe, mazima yachanganywe na majivu, yafungwe kwenye debe. Ukingoja mwezi, shemeji, utapanda magunzi."

"Basi panda uyashushe."

"Mimi? Nipande uchaga wa Kanze, watu waseme nimemzika? Panda wewe, una miguu mirefu kama korongo."

Mwero hakucheka. Katika mji wao mwanamume hapandi uchaga kabisa. Mwanamke mwingine hupanda siku moja tu, baada ya matanga ya mwenyewe, kugawa nafaka aliyoiacha. Kupanda kabla ya hapo ni kumtangaza mtu amekufa, isipokuwa yeye mwenyewe atoe ruhusa kwa kinywa chake.

Kwa hiyo Mwero alikwenda kuiomba. Alitembea mpaka Ukunda, akapata lori la nazi, akafika Msambweni saa nane mchana. Kanze alikuwa amekonda, mabega yamechongoka chini ya shuka.

"Baba Rai, moto unawaka?"

"Unawaka."

"Kila siku?"

"Kila siku." Tangu aliporudi, hilo lilikuwa kweli.

"Na uchagani, nani amepanda?"

"Hapana aliyepanda."

Kanze alicheka kidogo, mpaka kikohozi kikamkatisha. "Nimeota Kahaso yuko juu, anayashusha mahindi yangu. Nikamwambia, wee mwanamke, mbona nakuona! Hakunisikia kabisa. Nimeamka shuka limelowa jasho." Akamshika mumewe mkono. "Basi bado nipo."

Mwero alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Ukunda. Hakusema hata moja. Aliuliza kama uji wa hospitali unatiwa sukari.

Sasa ni katikati ya Oktoba. Kila asubuhi anafagia unga ulioanguka, kiasi cha kibaba kimoja, na kuwamwagia kuku. Kisha anawasha moto, na jioni anauwasha tena. Kahaso amemwambia mara kadhaa kuwa moshi hauwatoi fukusi waliokwisha kuingia ndani ya punje. Anajua. Anakaa kwenye kibao, macho yakimtoka machozi ya moshi, na juu yake anawasikia wakitafuna. Ni sauti ndogo, kama mtu anayesaga mchanga kwa kidole.

Tangu Ijumaa unga unaoanguka umepungua. Si kwamba fukusi wameondoka.

Majirani wamekwisha kupanda mbegu za vuli. Kahaso alimgawia vibaba viwili kutoka uchaga wake, vikatosha mistari sita. Sehemu nyingine ya shamba Mwero ameilima yote na mashimo ameyachimba, yamenyooka kama yaliyopimwa kwa kamba. Wiki hii mvua imeyajaza maji.