Saa ya Mwenyekiti Yakatiwa Rufaa

Kabla Silvanus Mghendi hajaanza kuvaa saa janja, kesi za mtaa wake zilichukua muda mrefu na chai nyingi. Alikuwa mwenyekiti wa nyumba kumi upande wa juu wa Makwasinyi, pale kijiji kinapoanza kuupanda mlima. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa ranchi moja kule Ndara, akihesabu ng'ombe wa watu wengine, na alipostaafu majirani walimchagua kwa sababu mbili: alijua kuandika barua, na hakuwa na ugomvi na mtu. Hiyo ya pili ilitokana na mazoea yake ya kutoamua jambo lolote. Mtu akileta shtaka, Silvanus alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hili tutaliangalia." Mkewe Wakesho aliweka sufuria motoni, na wagombanao wakanywa chai hadi hasira ikawapoa, au hadi sukari ikaisha.

Saa aliletewa na mwanawe Vincent, ambaye ni bawabu wa hoteli huko Doha. Vincent alimvisha mkononi, akaiunganisha na simu ya baba yake, kisha na yake mwenyewe, ili akiwa mbali aone mzee anaendeleaje.

Toka siku hiyo Silvanus alibadilika. Saa ilimtaka atembee hatua elfu kumi kila siku, naye hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Jioni zikipungua hatua mia tatu, aliizunguka nyumba yake kama anayetafuta kuku. Ukimuuliza ameamkaje, alikujibu kwa tarakimu. Kanisani alimfuata mchungaji baada ya ibada na kumpongeza kwa dhati: "Wakati wa mahubiri mapigo yangu yalishuka hadi hamsini na nane. Sijawahi kupumzika hivyo." Mchungaji hakupokea pongezi hizo vizuri.

Siku moja Wakesho aliuliza ni nani aliyemaliza mihogo iliyobaki. Silvanus akasema hajui, na hapohapo akaona namba za mapigo zikipanda mkononi mwake. Mwanamume mwingine angeona aibu. Silvanus aliona mashine ya haki.

Utaratibu mpya ulianza wiki hiyohiyo. Mlalamikaji na mlalamikiwa walikaa kwenye kigoda, kila mmoja kwa zamu, wakavalishwa saa, wakaulizwa swali moja. Mwalimu Elsie, mstaafu aliyekuwa katibu wa kamati, aliandika namba zao daftarini. Mwenye mapigo madogo alishinda. Kesi zilizokuwa zikila mwezi sasa zilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Silvanus hakuhitaji tena kusema fulani ana makosa; saa ilisema, yeye akasoma tu.

Aliyeusifu utaratibu huo kuliko wote alikuwa Mulinge, mfuga mbuzi, mtu mpole ambaye angeweza kusinzia katikati ya moto. "Hii ndiyo haki ya kidijitali," alikuwa akisema. Alishinda kesi nne mfululizo.

Ya tano ilikuwa ya pojo. Jumanne moja Mutindi, jirani wa upande wa bonde, aliamka akakuta mistari sita ya pojo zake imeliwa hadi chini, na alama za kwato zimetapakaa kila mahali. Aling'oa mashina yaliyotafunwa, akapanda mlima mbio hadi kwa mwenyekiti. Mulinge alikuwa tayari yuko pale barazani, ameketi tangu saa moja, anakunywa uji wa Wakesho.

Mutindi alisema ni mbuzi wa Mulinge; Mulinge akasema hakumwona mbuzi wake hata mmoja pale. Walipimwa. Mulinge, sitini na moja. Mutindi, mia moja ishirini na saba.

"Saa imesema," Silvanus alitangaza. "Dada Mutindi, umemsingizia mwenzio. Muombe msamaha."

"Nimepanda mlima nikikimbia!" Mutindi alisema, akihema. "Moyo ulitaka upige namna gani?"

"Saa haijui mambo ya mlima."

"Basi hiyo saa ni kipofu! Ninakata rufaa."

Hapakuwa na mahakama ya rufaa, kwa hiyo Mutindi aliiunda mwenyewe. Alikuwa na kaka anayeendesha lori kutoka Voi, na kaka huyo alimweleza kuwa kumetoka saa mpya za kazi ngumu, za wapanda milima na wanajeshi, ambazo zinajua kabisa kama mtu yuko bondeni au kileleni. Kesho yake Mutindi alikuwa akipita mlango kwa mlango. Alidai saa ya mwenyekiti imepitwa na wakati: kioo kina ufa, na mkanda umeshonwa kwa mpira wa tairi. Inunuliwe mpya, kesi isikilizwe upya.

Kijiji kikagawanyika. Wote walioshindwa kesi waligundua ghafla kwamba wanapenda sana maendeleo ya teknolojia. Wote walioshinda walisema saa ya zamani ina hekima, na kwamba vitu vya siku hizi havidumu. Vincent alipopata habari alifurahi, akapiga simu kusema anakuja Desemba na yuko tayari kuleta hiyo mpya. "Wewe sema ndiyo tu, Baba."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ndiyo ni uamuzi, na la pia ni uamuzi.

Silvanus alishuka Voi kwenda kuiona kwa macho. Karibu na soko alimkuta kijana mfanyabiashara aitwaye Festus, mwenye kibanda cha simu na vifuniko vyake, ambaye alifungua kasha jeusi kwa heshima, kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

"Hii ni ya kazi ngumu, Mzee. Inaingia majini mita mia moja."

"Kwenda chini?"

"Kwenda chini."

Silvanus alifikiria bomba la Makwasinyi, ambalo hutoa maji siku mbili kwa wiki, tena kwa kukohoa. "Na nchi kavu je?"

"Vumbi, joto, barafu, zote inastahimili. Imepita majaribio ya jeshi."

"Jeshi gani?"

Festus aligeuza kasha huku na huku akisoma. "Jeshi tu, Mzee."

"Na mtu akidanganya?"

"Ina garantii ya mwaka mmoja."

Jibu hilo lilimridhisha Silvanus kuliko alivyotarajia. Alivaa saa ile kwa dakika moja. Ilikuwa kubwa kama kisosi, na mkono ulioivaa haukufanana tena na mkono wa karani. Ulikuwa mkono wa mtu anayeweza kugonga meza.

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, hata habari za barafu.

"Hii ya sasa ina kosa gani, Baba Vincent?" Wakesho aliuliza, akipepeta mahindi.

"Haijui mlima."

"Si wewe unaujua? Umezaliwa hapa."

Silvanus alisema hili wataliangalia, akatoka kwenda kumalizia hatua zake.

Mwishowe alifanya kile ambacho kila mtu wa serikali hufanya akikwama: aliitisha mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi. Jumamosi saa nne walikutana katika darasa la chekechea, kwa sababu ndilo lililokuwa na viti vya kutosha, ingawa vilikuwa viti vya watoto wa miaka mitano. Watu wazima thelathini walikaa magoti yakiwa karibu na masikio, kuta zimebandikwa picha za bata na herufi kubwa. Mwalimu Elsie alisoma ajenda: kwanza sala, pili saa, tatu mengineyo.

Mulinge alisimama wa kwanza. Alisema saa ya sasa imezoea watu wa hapa, inawajua kwa tabia zao, na kuleta nyingine kutoka nje ni kudharau mila. Walioshinda wakapiga makofi. Mutindi alisema yeye hana ugomvi na mila, ana ugomvi na mbuzi. Walioshindwa wakapiga makofi zaidi, maana walikuwa wengi. Mzee mmoja aliuliza kama saa mpya inaweza pia kupima ng'ombe. Mama mmoja alitaka kujua ile ya zamani itarithiwa na nani, na kwa dakika kumi mkutano ukaacha ajenda kabisa, ukawa wa urithi.

Silvanus aliona namba zake zikianza kupanda. Akaomba wamsikilize mtaalamu. Akampigia Vincent, akaiweka simu juu ya meza ya mwalimu, sauti ikafunguliwa hadi mwisho.

"Shikamooni wazazi wangu," Vincent alisema kutoka Doha.

"Marahaba, mwanetu!"

Vincent alizieleza sifa za saa mpya vizuri kuliko Festus. Betri inakaa wiki tatu. Ina tochi. Na ramani yake ni ya hali ya juu, inaonyesha kila mahali mtu alipopita. "Lakini hata hiyo ya zamani inajitahidi, Baba," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. "Nikimaliza zamu huku, nikikumbuka nyumbani, huwa nafungua simu naangalia matembezi yako. Naona umepita shuleni, umepita kwa bomba, umepanda kwa Mulinge. Naona kama tunatembea wote."

Akina mama wakatoa sauti ya huruma. Wakesho alijifuta jicho kwa ncha ya leso.

"Ile Jumanne ya wiki juzi tu ndiyo ulinitia wasiwasi. Ulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vizuri. Ulipofika kwa shamba la Mama Mutindi ukasimama dakika nne. Nikasema labda Baba amechoka. Halafu ukaondoka mbio. Baba, hujawahi kwenda mbio namna ile!"

Mwalimu Elsie alilowesha kidole, akafunua daftari nyuma kurasa mbili, akaweka kalamu juu ya tarehe.

"Ndiyo Jumanne yenyewe," alisema. "Ya pojo."

Mutindi hakupaza sauti. Aligeuka kwenye kile kiti kidogo, akamtazama Silvanus. "Mwenyekiti, hizo dakika nne ulikuwa ukiangalia nini?"

Mkononi mwa Silvanus saa ilitetemeka, ikimshauri avute pumzi polepole. Mwalimu Elsie aliinama, akasoma namba, akaiandika kwenye kumbukumbu za mkutano: mia moja thelathini na moja. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa katika daftari hilo.

"Nilimwona," Silvanus alisema.

"Nani?"

"Yule mbuzi wa kahawia wa Mulinge, mwenye sikio lililopasuka. Alikuwa ndani ya pojo mpaka mabegani." Alikuwa akizungumza huku ameikazia macho picha ya bata. "Niliinama niokote jiwe nimfukuze. Kisha nikasema nikiingia shambani nitaharibu matembezi, nimebakiza hatua mia nane tu za zamu ya asubuhi." Akageuka, akamtazama Mulinge. "Hapana, si hatua. Ukimfukuza mbuzi wa mtu, lazima useme ni wa nani. Mulinge ni rafiki yangu. Nikaondoka. Nyinyi mlipokuja nikasema saa itasema, mimi nisiseme."

"Na mbuzi naye ungempima?" Mutindi aliuliza. Watu wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Mulinge aliinuka, na kiti kikainuka naye. "Lakini mimi moyo wangu ulisema sitini na moja!"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa ukinywa uji wangu," Wakesho alimwambia. "Keti chini."

Akaketi. Alikiri kwamba mlango wa zizi ulivunjika tangu Jumapili. Hakuwa amedanganya, alisema. Hakuna aliyemuuliza habari za mlango. Mwalimu Elsie alithibitisha kwamba ni kweli, swali lilikuwa moja tu.

Watu wote sasa walikuwa wakimngoja Silvanus aseme kwamba hili wataliangalia. Alisimama, akaivua saa, akaiweka mezani kando ya simu. Sauti yake ilitoka ikiwa na mikwaruzo, kama gari ambalo halijawashwa miaka mingi. Alisema Mulinge atengeneze zizi kabla ya kesho, na wakati wa mavuno amlipe Mutindi pojo kwa pojo, kipimo atakachotaja Mutindi mwenyewe. Yeye Silvanus, kwa kuwa aliangalia dakika nne bila kufanya kitu, atapalilia shamba lile hadi msimu uishe. Kisha akamgeukia Mutindi, akamwomba msamaha mbele ya watu, kwa maneno machache yasiyo na tarakimu.

"Nimesikia," Mutindi alisema. Hakusema amesamehe.

Kutoka mezani sauti ikaita. "Baba? Bado mko? Sasa ile mpya nilete ama nisilete?"

Silvanus aliinamia simu. "Vincent, hiyo mpya inakumbuka mambo zaidi ya hii?"

"Sana, Baba! Miaka na miaka."

"Basi usilete."

Walioshindwa kesi za nyuma hawakumwachia mapumziko. Jumatatu walikuwa saba barazani, kila mmoja akitaka yake irudiwe kwa mdomo. Ilimchukua Silvanus wiki tano kuzimaliza, na mara mbili ilibidi amwambie mtu ana kwa ana kwamba ana makosa. Mmoja wao bado hamsalimii, na Silvanus, kwa mshangao wake mwenyewe, anakula na kulala vizuri tu. Mulinge alitengeneza mlango wa zizi, lakini upande wa nyuma akausahau.

Palizi ndiyo iliyomshinda. Mutindi alisimama pembeni kila asubuhi, mikono kiunoni, akimwonyesha mahali alipokata mche badala ya gugu. "Hilo nalo ni gugu, Mwenyekiti? Angalia kwanza." Silvanus alirudi nyumbani mgongo umepinda, miguu imejaa malengelenge, hadi Wakesho akamhurumia na kumpigia mtoto wao simu. Desemba Vincent alishuka na jozi ya buti za mpira za shambani, nyeusi, nzito, imara kabisa. Zilimpwaya Silvanus. Wakesho alizijaribu, zikamkaa sawasawa, akaondoka nazo kwenda kutazama mihogo yake.