Maneno Matamu kwa Mama Mukwe

Cheka tu, ndugu yangu, hata mimi nimeshacheka. Mimi na muke wangu Furaha tuliachana mwaka jana kwa ugomvi wa bure, kila mutu akabaki na kiburi chake. Jumamosi iliyopita nilishuka ziwani, nikamuona ameinama anafua. Gauni lile la maua alilovaa nililishona mwenyewe, maana mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo sikuwa na shaka. Nikajipa moyo, nikavua kofia, nikasimama nyuma yake.

“Furaha, mupenzi wangu, tangu uende bugali haina ladha, na usiku nalala na baridi. Rudi, nitakusugua mugongo kama zamani.”

Mabega yake yakatetemeka. Nikadhani analia kwa mapenzi, nikamushika kiuno taratibu.

Akageuka. Mungu wangu! Alikuwa mama yake, amevaa gauni la binti yake, mukwe wangu ambaye kwa heshima sijawahi hata kula mbele yake.

“Mutoto wangu,” akasema, akipangusa machozi ya kicheko, “mugongo wangu nitausugua mwenyewe.”

Furaha alikuwa nyuma yangu na ndoo kichwani, anacheka mpaka maji yanamwagika.

“Nyumbani nitarudi, papa,” akaniambia. “Lakini kwanza rudia yale maneno. Mama hakuyasikia vizuri.”