Nilivyonusurika kununua giaboksi Guangzhou, kumbe tatizo ni center bearing

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sitatia chumvi. Yanachekesha bila msaada wangu.

Nipo Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, nimefuata bidhaa. Nyumbani Morogoro nina lori moja tu, na ndilo linalotulisha.

Ijumaa iliyopita dereva wangu, Shabani, akanipigia. Lori linaunguruma na kutetemeka. Fundi keshatoa hukumu: giaboksi imekufa.

Mnajua desturi yetu. Mtu akiwa China, nyumbani hakitengenezwi kitu tena. Mke wangu kaniagiza kitasa kipya, wakati cha zamani kinahitaji tone la mafuta tu.

Kontena tunalochangia na wafanyabiashara wenzangu lilikuwa linafungwa jioni hiyo. Nikinunua giaboksi na kumbe si mbovu, mtaji umekwisha. Nikiiacha na kweli ndiyo mbovu, lori litalala miezi.

Nilikuwa duka la vipuri, na laoban, yaani mwenye duka, alishaanza kuifunga giaboksi nailoni.

Nikamwambia Shabani, "Hebu niigizie huo mlio."

"Hapa mbele za watu, bosi?"

"Hapo hapo."

"Nguuu-nguuu-nguuu!"

Simu ilikuwa loudspeaker. Laoban akaacha kufunga. Mama Nasra wa Zanzibar, mwenzangu wa kontena, akaniambia, "Baba Asha, huyo mpelekeni hospitali."

Ufundi sikuusomea darasani. Nimejifunza kwa kusoma manual na kulala chini ya gari. Kwa hiyo nikauliza kwa utaratibu.

Mlio unapanda na mwendo? Ndiyo.

Ukiweka free, yaani bila gia, gari likiserereka, unaisha? Hauishi.

Ukiondoka na mzigo? "Linatikisika kama lina degedege, likishachanganya mwendo linatulia."

Wakuu, hapo giaboksi si mshukiwa wa kwanza. Nikamwambia azime injini, aweke mawe kwenye matairi, aingie chini. Ashike propela, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda matairi ya nyuma, katikati pale kwenye center bearing iliyoshikiliwa na raba, aisukume juu na chini.

"Bosi, inacheza kama jino la mtoto! Raba yote imechanika, grisi imerukia mpaka kwenye chesisi."

"Fundi hakuiona?"

"Fundi hakuingia chini, bosi. Alikuwa na kanzu nyeupe, anawahi msikitini."

Nikamwambia laoban giaboksi basi. Akadhani nabembeleza bei, akapunguza. Nikakataa, akapunguza tena. Sijawahi kupata bei nzuri kiasi kile kwa kitu nisichokitaka.

Shabani akaifungua hiyo bearing, akapima kipenyo cha ndani na nafasi ya matundu ya bolti, nikapata mpya inayolingana. Inaenea mkononi.

Mama Nasra alikuwa anaruka kurudi nyumbani kesho yake. Akaipokea kwa vidole viwili: "Ikigusa magauni yangu ya harusi, utaolewa nayo wewe."

Imefungwa jana. Lori limetulia, leo limepakia mahindi.

Nikampigia fundi kwa heshima kumweleza. Akanijibu, "Mzee, mimi nilisema tatizo liko chini ya gari. Giaboksi si iko chini?"

Funzo: mlio hausafiri na jina lake. Kabla hujanunua kitu kikubwa, mtu aingie chini, ashike kwa mkono, atikise.

Waliowahi kuuziwa giaboksi kwa kosa la raba, karibuni mtoe ushuhuda. Na mafundi wenye kanzu nyeupe, nanyi jiteteeni.