Kuonja Enaji za Madereva

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo ukilitamka: niende kwenye usaili nikiwa na meno mawili ya mbele yaliyokufa, au niyang'oe kwanza, niombe siku nyingine, niende na pengo? Nilikuwa nimelala nyumbani kwa mama, Magomeni, mjini Kilosa, nikiligeuza huku na huku. Nikienda nayo, maumivu yatanifanya niongee kama mtu aliyeweka kaa la moto mdomoni. Nikienda na pengo, nani atamweka mwenye pengo mapokezi? Nisipokwenda kabisa, hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuitiwa tangu nihitimu chuo kikuu, na sikuona sababu ya kuamini kwamba itakuja nyingine. Nikifika hapo naanza tena mwanzo, kana kwamba mara hii jibu lingekuwa tofauti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea wageni kwenye kambi ya watalii jirani na hifadhi, Mikumi. Msimamizi wa kambi hiyo alikuwa akipita kununua maji dukani kwa mjomba, nilikokuwa nauza. Siku moja alinisikia nikiwaelekeza wazungu wawili njia kwa Kiingereza. Akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe umesoma wapi?"

Nikamwambia.

"Na unauza soda?"

"Nauza soda, bosi."

"Ijumaa ijayo njoo kambini saa tano. Nataka mtu wa kutabasamu. Wageni wangu wanakuja kuona tembo, lakini anayeonekana kabla ya tembo ni wewe."

Nilicheka nimefumba mdomo. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kucheka hivyo, na nadhani yeye alidhani ni adabu.

Duka la mjomba liko huko huko Mikumi, kando ya barabara kuu, mahali malori yanayokwenda mpakani husimama kabla ya kuingia hifadhini au baada ya kutoka. Madereva wale hawanunui maji. Wananunua enaji, zile za chupa za plastiki zenye rangi ya mkojo wa mgonjwa au nyekundu kama dawa ya kikohozi, ili wasisinzie kwenye usukani. Tangu biashara iwe huria na bidhaa zianze kuingia kutoka kila upande, hakuna anayejua kwa hakika ananunua nini. Kuna halisi na kuna feki, na feki nyingine inafanana na halisi kuliko halisi yenyewe. Halafu kulikuwa na habari za madereva waliopewa kinywaji chenye dawa, wakalala, wakaamka lori halina mzigo. Sikuwahi kukutana na hata mmoja aliyepatwa na hayo, lakini kila mmoja alimjua mwenzake aliyepatwa.

Kwa hiyo madereva walikuwa na desturi yao. Kule kwetu milimani, anayekukaribisha pombe ya kienyeji huionja yeye kwanza mbele yako, ndipo anakupa kata. Ni heshima, na ni kukutoa wasiwasi. Madereva waliihamishia desturi hiyo kwenye enaji. Unafungua chupa mbele yao, unajimiminia kidogo kwenye kifuniko, unakunywa, wanakutazama. Ndipo wanalipa.

"Msomi, onja."

"Nimeonja ya mwenzako sasa hivi, kaka. Ni katoni hiyo hiyo."

"Mwenzangu ana mke wa kumlilia. Mimi onja yangu."

Wenzake wanacheka, mimi naonja. Mwingine alikuwa na tabia ya kunisogelea na kunichungulia machoni baada ya kumeza, kama mganga.

"Unajisikiaje?"

"Salama."

"Huoni watu wawili wawili?"

"Naona mmoja, na hajalipa."

Hivyo ndivyo nilivyoishi, kifuniko baada ya kifuniko, tangu lori la kwanza la asubuhi hadi mjomba anapofunga. Nisingeweza kusema kwamba nilikuwa mnywaji wa enaji. Sikuwahi kumaliza chupa moja kwa siku. Nilijiona mwenye kiasi.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi, nililinda meno yangu kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Bibi, mama yake mama, alisoma shule ya misheni, na huko msimamizi wa mabweni aliwakagua vinywa kila asubuhi. Alikuja na sheria hiyo nyumbani: aliyekula kitu kitamu asikae nacho mdomoni, akasugue papo hapo, kwa mkaa uliotwangwa na chumvi. Mama aliirithi, nami nikairithi. Nyuma ya duka niliweka mswaki na kopo la mkaa. Kila wateja walipopungua nilikwenda kusugua kwa nguvu, hadi ufizi uwake moto. Nilirudi nikiwa na amani kwa dakika chache, mpaka lori lingine lisimame.

Kwanza ilikuwa maji ya baridi. Kisha upepo nikiwa nimepanda bodaboda. Kisha niliona kwenye kioo kwamba ncha za meno ya mbele zimekuwa nyembamba, unaweza kuona mwanga ukipita, na katikati yamegeuka manjano. Nikasugua zaidi, maana nilidhani manjano ni uchafu. Siku moja nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma, nikahisi kitu kigumu ulimini. Nilidhani ni punje iliyoungua. Ilikuwa kipande cha jino langu. Siku chache baada ya msimamizi kuniita, mdomo wa juu ukavimba, nami nikaomba ruhusa kwa mjomba nikapanda gari la Kilosa.

Daktari wa meno wa hospitalini alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu aliyechoka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari akiniinua kidevu.

"Unakunywa enaji?"

"Hapana, daktari. Naonja tu."

"Unaonja vipi?"

Nikamweleza habari za madereva na kifuniko. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Afadhali ungekunywa chupa nzima ukamaliza, mwanangu."

Alinieleza polepole. Ndani ya enaji mna tindikali, na mna sukari. Tindikali hulainisha gamba la nje la jino, lile gumu. Mate hufanya kazi ya kulirudisha ugumu wake, lakini mate yanahitaji muda. Anayekunywa mara moja huyapa mate nafasi. Anayeonja kutwa hayapi. Kabla jino halijapona, linalainishwa tena.

"Na ukishaonja unafanyaje?"

"Napiga mswaki."

"Saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo. Kwa mkaa na chumvi."

Aliweka chini kile kioo chake kidogo. "Jino limelainika, wewe unalipiga msasa," alisema. "Ungesukutua maji, ukaacha. Mswaki ungesubiri."

Nilitaka kumwambia habari za bibi na ile shule ya misheni, ili aone kwamba nilifanya yote kwa usahihi. Nilikuwa nafikiri juu ya bidii yangu yote nyuma ya lile duka. Ningekuwa mvivu, huenda ningekuwa na meno.

Mawili ya katikati, alisema, yamelika hadi kwenye mshipa, yamekufa, na usaha umekaa juu yake. Kutibu mizizi kunafanyika Morogoro kwa gharama ambayo hata yeye aliitaja kwa kushusha sauti. Hapa kwake kuna kung'oa. Akanipa vidonge vya kukausha usaha na kuniambia nirudi uvimbe ukipungua.

"Njoo Ijumaa asubuhi. Ganzi niliyonayo ni kidogo, na nyingine sijui italetwa lini."

Ijumaa, saa tano, ndiyo siku ya kambi. Kutoka Kilosa hadi Mikumi kwa ile barabara ya vumbi, huwezi kuwa sehemu zote mbili asubuhi moja.

Mama alinipokea na uji wa vuguvugu. Yeye ana meno yake yote. Nilimuuliza imekuwaje.

"Sisi sukari tulipanga foleni," alisema. "Unapanga, unaambiwa imekwisha, unarudi nyumbani kunywa uji wa chumvi. Tungeyaozesha kwa nini?"

Kisha akaanza habari za baba, kwamba maduka ya Kilosa yalijaa bidhaa wakati ule ule baba alipopunguzwa kazi reli. Kila kitu kikawepo na sisi hatuna cha kununulia. Alisema bila uchungu, kama anayesimulia msimu wa mvua. Baba hakupata kazi nyingine hadi anakufa. Nilijua mama hakukusudia nijifikirie, lakini nilijifikiria.

Nilimpigia mjomba kumwomba kwamba nikirudi nisionje tena.

"Usipoonja watakwenda duka la pili, mjomba. Yule anaonja na mkewe anaonja."

Hivyo nikabaki na lile swali. Nilijaribu kutabasamu mbele ya kioo cha mama kwa namna zote: midomo imefumba, mdomo wa juu umeshushwa, mkono umekaa puani kana kwamba nafikiri. Uvimbe ulipungua kwa vidonge, kisha Alhamisi jioni ukaanza kupanda tena kuelekea jichoni. Nilipogusa paji la uso lilikuwa la moto. Nikaona kwamba nilikuwa nachagua kati ya mambo ambayo hayakuwepo. Meno yalikuwa yamekwisha kuondoka, yalibaki tu kutolewa. Kazi ya kutabasamu iliondoka nayo kabla sijaitiwa.

Ijumaa niliwahi hospitalini. Nikiwa kwenye benchi nilimpigia msimamizi wa kambi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Upo njiani?"

"Hapana. Niko Kilosa hospitali. Nang'oa meno, sitafika."

"Meno gani?"

"Ya mbele."

Nilisikia mtu akiongea nyuma yake, na mlango wa gari ukifungwa.

"Ah. Pole sana. Basi usihangaike kuja, kijana wangu. Wapo wengi hapa."

Daktari alitokea mlangoni akaniita. Aliniuliza kama nimeamua, maana wengi hufika hadi kwenye kiti wakabadili mawazo, na ganzi ikishachomwa hairudi kwenye kichupa. Nikamwambia ang'oe yote mawili. Nikakaa, nikaegemeza kichwa, nikafungua mdomo.