Feza Alikuja Kuangalia Mayai ya Chura

Usiniambie nilikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya Kasongo, na yaliyonipata niliyaona kwa macho haya mawili.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Masomo yetu, yaani shule, iko na mikroskopi moja, mashini ya kuonea vitu vidogo. Haitumii umeme, inangoja jua la dirisha. Kila majira ya mvua naokota mayai ya chura kwenye madimbwi, nayaweka kwenye sahani ya maji, wanafunzi wanaangalia namna kiumbe kinavyoanza: seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka zinabanana kama punje za mahindi.

Siku ile wanafunzi walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Nilibaki peke yangu, jicho kwenye lenzi. Nikasikia nyuma yangu:

"Yaya, na mimi nione."

Alikuwa Feza, mdogo wangu, tumbo moja; mimi mkubwa wake ananiita Yaya. Aliolewa Kabambare. Mwaka ule alizaa mutoto wake wa kwanza, mugongo wazi, ngozi haikufunga. Mutoto hakukaa. Nilienda kwenye kilio, nikamkumbatia, hakuniambia neno.

"Feza! Umekuja na nani? Pikipiki iko wapi?"

Kitenge chake kilikuwa na matope mpaka magotini. Lakini barabara ya Kabambare nani haijui? Sikushangaa. Akainama kwenye lenzi.

"Hii mistari miwili ni nini?"

"Ni mugongo unaanza. Seli zilikuwa bapa, sasa kila moja inajibana upande wa juu, kama vile unakaza kamba kwenye mudomo wa mufuko. Zikibana zote, ngozi inajikunja, mistari inakutana, inafunga."

"Na isipokutana?"

Hapo ndipo nilimwelewa.

"Mugongo unabaki wazi. Inatokea mapema sana, Feza. Mara nyingi mama hajajua hata kama iko na mimba."

"Mama mukwe anasema ni mimi. Anasema nilimula mutoto tumboni. Wananiita mulozi, Yaya."

"Si wewe. Nisikie vizuri: si wewe."

Niamini, sijapata kuona uso wa mtu ukilegea vile, kama aliyetuliwa kuni kichwani. Akaingiza kidole kwenye sahani, pembeni ya mayai. Maji hayakutikisika. Niliona, nikasema moyoni ni macho yangu yamechoka na lenzi.

"Ukawaambie," akasema.

Niligeuka kumvutia kiti. Kurudisha macho, darasa tupu. Na mlango? Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo tangu wanafunzi walipotoka, kwa sababu ya mbuzi. Komeo lilikuwa palepale.

Kesho yake shemeji yangu, mume wa Feza, alifika na pikipiki, macho mekundu. Hakukaa. Akaniambia siku tatu nyuma mama yake alimfukuza Feza, shemeji mwenyewe akiwa shambani. Feza akashika njia kwa miguu kuja kwangu. Mto ulikuwa umejaa, miti ya daraja imeoza. Wakamkuta chini zaidi, amenasa kwenye mizizi. Wakati aliponiita Yaya darasani, walikuwa wamekwisha kumzika.

Nilipanda ile pikipiki mpaka Kabambare. Matangani, mbele ya watu wote, nilisimama nikaeleza mugongo unavyofunga na unavyokosa kufunga. Nikasema hakumula mutu. Mama mukwe alijifunika kitenge usoni, mabega yakawa yanatetemeka. Shemeji akauliza polepole:

"Kwa nini maneno haya hayakufika mapema, Feza akiwa bado muzima?"

Hakuna aliyenieleza wanamwitaje, hata Feza mwenyewe siku ya kilio.

Bado nafundisha. Bado naokota mayai. Lakini mistari ile ikianza kukaribiana natoka nje, nasimama ukutani, siwezi kuiangalia. Wanafunzi ndio wananiita: "Mwalimu, imefunga!" Nami nafuta uso kwanza ndipo naingia.

Wewe unayenisikiliza, kama kwenu iko mama aliyezika mutoto wa namna hiyo, usingoje akuulize. Atakuficha, kwa haya. Nenda kwake leo, umwambie si yeye, wakati mukono wake bado iko na joto.