Nani Batili, Mimi au Picha?

Mama alipostaafu ualimu, mimi na dada yangu tulimnunulia simu. Aliipenda kwa sababu alikuwa akirekodia nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, Iringa. Baada ya miaka michache watengenezaji wakaacha kuihudumia. Ikawa nzito, programu mpya zikagoma kuingia. Dada akataka tumnunulie nyingine, mama akakataa katakata.

"Hii bado nzima. Tumeshazoeana."

Nilipotoka Mbeya kwenda kumsalimia, nikaiwekea mfumo huria wa kuendeshea simu, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuuchungulia ndani na kuurekebisha. Nyimbo nilizihifadhi kwanza kwenye kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi, mama alijifunika shali, akawa ananitazama mimi badala ya simu. Ikawaka, ikaandika Kiswahili. Akapiga makofi.

Nilikuwa nimesharudi kwangu, mtaa wa Soweto, Mbeya, aliponipigia.

"Kamwene, baba," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Hii simu inanigombeza."

"Inasemaje, mama?"

"Nimemtumia dada yako picha, imeandika 'Imeshindwa. Batili.' Nani batili, mimi au picha?"

Nilicheka mpaka naye akacheka. Ila neno lile lilinikera. Mtu aliyefundisha watoto kusoma Kiswahili maisha yake yote anajibiwa hivyo? Nikajiandikisha kwenye ukurasa wa wafasiri wa mfumo ule, nikapendekeza: "Picha haijaenda. Tafadhali jaribu tena." Mfasiri mmoja wa Mombasa, ambaye mpaka leo sijamwona, akapinga: sentensi ndefu, kioo kidogo. Tukavutana kwa maandishi hadi nikamweleza habari za mama.

"Basi toa 'tafadhali', mengine yabaki," akajibu. "Na umsalimie sana."

Toleo jipya lilipotoka, mama alisasisha mwenyewe. Akazima data makusudi, akatuma picha ili aone tu itasemaje, halafu akanipigia.

"Sasa inaongea kama mtu. Lakini huku kwingine wameandika 'Mipangilio ya kina'. Kina cha nini, cha kisima?"

Nikavuta kompyuta, akaanza kunisomea skrini moja baada ya nyingine, akisahihisha. Siku hizi tukibishana juu ya neno, yule wa Mombasa huniandikia: "Mama anasemaje?"